Neville Blanchard, Aliyemwambia Glenys Kwanza

Wapendwa mliofika kumsindikiza mume wangu, historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu Clifford, lakini nimemnyang'anya karatasi, kwa sababu yapo mambo ambayo yeye angeyaruka kwa heshima.

Marehemu Neville Blanchard alizaliwa tarehe 9 Machi 1967 hapa Grimsby, akasoma hapa hapa mpaka Mei 1983, Jumatatu iliyofuata akaingia bandarini kupakua samaki, na meli zilipopungua akahamia kiwanda cha samaki wa kugandishwa, akakaa miaka ishirini na sita, mahali ambapo zamu hutangazwa kwa ujumbe wa simu, wiki hii tano, wiki ijayo mbili, na mshahara haukuwahi kufanana miezi miwili mfululizo.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Juni 1997, tukajaliwa binti mmoja, Kerry, tarehe 20 Novemba 1998, na mwaka 2019, kodi ya nyumba ilipotushinda, tuliomba posho ya serikali kwa pamoja, mume na mke ombi moja, Neville akipata zaidi posho inashuka, akipata kidogo inapanda, na mshahara wake nikawa nauona kila mwezi kwenye simu yangu, ila kila mmoja ana ukurasa wake wa kuandikiana na ofisi, ambao mwenzake haufungui.

Kuanzia Mei mwaka huu wa 2023 mshahara ulishuka, posho ikapanda na kuziba sehemu ya pengo, na bado kila alfajiri alitoka na buti zake za kiwandani, nikajiuliza anakwenda wapi mtu asiyekwenda kazini, jibu nikaliona ni moja tu, mwanamke, maana hata simu ilikuwa haimtoki mkononi.

"We Nev, huyo bibi anakulipa pauni ngapi kwa zamu?" nilimuuliza siku moja akifunga kamba za buti.

"Jan na wewe! Nani anitake na harufu hii ya samaki?"

Nilicheka, lakini sikumwamini hata kidogo.

Tarehe 3 Oktoba alianguka katika mgahawa wa dukani, mahali alipokuwa akijificha asubuhi alizokataa zamu, akapelekwa hospitali, na tarehe 6 moyo wake ukasimama, wauguzi wakanikabidhi simu yake, nikaufungua ule ukurasa wake, na mwanamke nikamkuta kweli, Bi Glenys Pask, afisa wa posho, aliyekuwa amemuuliza tu kwa nini mshahara umepungua.

"Kifua kinanibana, Glenys, nimeacha zamu tatu," aliandika mume wangu. "Jan asijue, atanikokota kwa daktari leo leo, na kiwandani hawatanirudisha."

"Mwambie mkeo, Neville, tafadhali. Mimi siruhusiwi."

"Nitamwambia. Jana pale ofisini nilikwambia naogopa, naomba iishie kwako."

Nasema mbele yenu, ninaona wivu, wivu wa kunikosesha usingizi, kwa sababu angekuwa kimada ningejua pa kumshikia, lakini huyu alipewa hofu ya mume wangu, ambayo mimi, miaka ishirini na sita katika kitanda kimoja, sikupewa, nikabaki kusoma tarakimu na kumtukana moyoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wetu walioleta supu bila kuulizwa, na wenzake wa kiwandani waliogawana zamu ili waje hapa leo.

Bi Glenys, nimekuona umekaa nyuma karibu na mlango, usiondoke, nilikuwa nimeapa sitakushukuru na bado sijaweza, lakini tukitoka makaburini njoo nyumbani, chai ipo, unieleze sauti yake ilikuwaje aliposema anaogopa, maana mimi sikuwahi kuisikia.

Neville wangu, pumzika sasa kwa amani.