Mguu wa Ammar Ulikuwa Chini

Kaa chini, Hussam, na ufunguo huo wa pikapu nipe mimi, uweke hapa kiganjani. Rania, nisogezee mto. Badria, acha kulia, mwanangu, machozi yana siku yake nayo haiko mbali. Pumzi zilizobaki nazipima kwa kibaba, kwa hiyo nisikilizeni bila kunikata kauli.

Nyumba hii ya Kariakoo na duka la spea kule Gerezani vitagawanywa kama dini ilivyopanga, sina la kuongeza wala kupunguza, na atakayemdhulumu ndugu yake tutakutana mbele ya Mungu. Lakini pikapu iliyoko uani haiuzwi, haigawanywi, wala haitoki getini mpaka nimalize kusema.

Jana nilikusikia dirishani, Hussam, ukimwambia Rania kwamba klachi inazama lakini ukiipampu mara tatu inarudi, na ukacheka. Mimi humu kitandani nilisisimka mwili mzima, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka kumi na tisa iliyopita, nikicheka vivyo hivyo, nikimwambia baba yenu mdogo Ammar asubuhi ile aliyomuua mama yenu. Astaghfirullah, nimesema tena. Ulimi umezoea uongo, hata kufa haujui kuuacha.

Mnajua nilivyowasimulia. Ua wetu mwembamba, na desturi ya nyumba hii ni kwamba mtu husimama mbele ya gari, akafungua mnyororo wa geti, akachungulia kama wachuuzi wamesogeza meza zao njiani, kisha akaliita gari kwa mkono. Asubuhi ile alikwenda Mwanamkuu, mama yenu. Ammar alikuwa ndani ya pikapu hii hii, ameshaingiza gia, amekanyaga klachi, anasubiri kuitwa, na geti bado limefungwa, gari likaenda, likambana mama yenu getini. Mashine ya dizeli haizimiki kwa kugonga kitu. Mkaambiwa Ammar alilegeza mguu kwa uzembe wake. Aliapa mbele ya wazee: "Mguu wangu ulikuwa chini, kaka. Ulikuwa chini kabisa." Wazee wakanigeukia mimi, fundi, wakaniuliza gari lina kasoro gani. Nikasema halina.

Sasa sikilizeni vizuri, na wewe Hussam zaidi, maana utundu wako nimekurithisha mimi. Pedeli ya klachi ikizama, fundi mvivu hutazama chini kama kuna tone. Kikopo cha mafuta kimejaa, juu ya pedeli pakavu, kwenye giaboksi pakavu, basi anasema gari zima. Mafuta yanavuja humo humo ndani ya masta, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedeli, yanapita pembeni ya raba inayoyazuia, na nje huoni kitu. Washa mashine, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu taratibu. Pedeli ikiendelea kuzama chini ya mguu, au gari likianza kusogea na wewe hujaachia, raba imekwisha. Kupampu hakuponyi. Kupampu kunakudanganya mpaka siku unayosimama na gia ndani na mtu mbele yako.

Na raba ya asubuhi ile niliiweka mimi. Mpya haikupatikana siku ile, nami sikutaka kungoja, nikachukua ya zamani nikaiosha kwa petroli, kwa sababu ikinywa petroli hufura, ikakaza kama mpya. Mafundi wa rika langu tuliona huo ni ujanja. Baada ya maziko nilifungua masta peke yangu, nikaikuta imelainika, imechanika ukingoni. Nikafunga masta mpya, nikanyamaza. Raba ile imo kwenye kopo la hiliki juu ya kabati, na kila mwaka hufungua kuitazama. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami leo kinaniumbua mbele yenu.

Niliogopa, wanangu. Niliogopa mngenitazama kama mnavyonitazama sasa. Nikamwachia ndugu yangu mzigo, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alihamia Magomeni, hajagusa usukani tena mpaka leo, na kila Idi aliyokuja mlimgeuzia mgongo, nami nilikaa pale pale kwenye kiti nikawaacha. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa.

Basi nendeni kwa Ammar, kwa miguu au kwa bajaji, si kwa pikapu. Mkamwamkie kwanza, shikamoo ya watoto kwa baba yao, kisha mmpe kopo la hiliki, mmwambie kaka anasema mguu wako ulikuwa chini. Msimbebeshe maneno zaidi ya hayo. Akitaka kunisamehe aje, asipotaka ni haki yake. Pikapu ifungwe masta mpya, si raba, na upepo ulioingia kwenye mafuta utolewe na watu wawili, mmoja akanyage, mwingine chini afungue nati, na wa juu asiachie mpaka nati ikazwe. Hata ikipona... hata ikipona, asisimame mtu mbele yake. Mnyororo ule wa geti ukateni.

Ufunguo ninao mkononi. Mkinikuta nimenyamaza, msinikunjue vidole. Aje anikunjue Ammar.

Radhi zangu mnazo, Hussam, Rania, Badria... wote, bila kinyongo. Mungu awafunike, awape wa kuwaambia kweli mapema kuliko mimi. Maji. Basi, yatosha.

Nani amewasha gari? Mnasema la jirani. Ufunguo si huu hapa... mashine hiyo naijua, nimeifungua mara ngapi kwa mikono hii. Inasogea. Sikilizeni, inasogea, na hajaachia...

Mwanamkuu. Toka hapo getini, mke wangu. Toka.