Marehemu Hamdun Alatar na Siku Sabini za Mwanawe

Majirani wa Testur, na ninyi mliotoka Tunis na nyumbu wenu tangu jana, poleni kwa njia na poleni kwa msiba. Mimi ni Marien, mtoto wa mwisho wa marehemu, na familia imeniachia kusoma kwa sababu tarehe hizi aliniandikisha mwenyewe, kwa siku kumi na tisa, nami nimezihakiki moja moja, na pale nisipokuwa na hakika nitasema kwamba sina hakika.

Marehemu baba yetu, Hamdun Alatar, ambaye kanisani aliandikwa Bartolomé, alizaliwa tarehe 11 Shaabani 973, yaani 3 Machi 1566, katika kijiji cha Laroles, milima ya Alpujarra, nchi ya Granada. Babu wa babu yake alikuwa mtunza saa za sala wa msikiti mmoja mjini Granada, na alikuwa bado kazini tarehe 2 Januari 1492, siku mfalme wetu wa mwisho alipokabidhi funguo za mji, na utawala wa Waislamu katika nchi ile, uliodumu miaka mia saba themanini na moja, ukaisha asubuhi moja. Msikiti ukawa kanisa, watu wakabatizwa wakitaka wasitake, lugha ikapigwa marufuku, mabafu yakafungwa, lakini ukoo huu uliendelea kuhesabu miezi nyumbani, baba kwa mwana.

Mnamo Novemba 1570, baada ya vita vya milimani, marehemu akiwa na miaka minne alihamishwa pamoja na kijiji kizima, watu wazima wakiwa wamefungwa kamba mikononi, wakatembea hadi mji wa Écija, na mama yake akafia njiani, tarehe sina.

Kuhusu elimu, marehemu alijifunza kusoma kwa padri kila Jumapili, kwa lazima, na kwa baba yake kila jioni, kwa siri, na hesabu ya mwezi aliimaliza akiwa na miaka kumi na mbili. Kuanzia 1584 alifanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa nyumbu, mafuta na sabuni, kati ya Écija, Osuna na Sevilla, na katika kila mji palikuwa na nyumba chache zilizomngoja awaambie Ramadhani inaanza lini, kwa kuwa wao hawakuthubutu kupanda juu ya paa kuutazama mwezi. Bibi mmoja wa Osuna alikuwa akimwambia mlangoni, "Wewe Bartolomé, ukichelewa tena mimi nitafunga kwa kukisia, na dhambi utabeba wewe na hao nyumbu wako." Hakuchelewa, na katika miaka ishirini na sita hakukosea hata siku moja.

Tarehe 14 Septemba 1598 alifunga ndoa na mama yetu, Zohra, aliyeandikwa Luisa, mara mbili kwa siku moja, asubuhi kanisani na usiku nyumbani. Walijaliwa watoto watatu, dada yangu Asha mwaka 1599, kaka yangu Nasri, aliyebatizwa Miguel, tarehe 21 Aprili 1603, yaani 10 Mfungo Pili 1011, na mimi hapa Testur mwaka 1613.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu marehemu alitaka sehemu hii isomwe yote.

Januari 1610 ilitangazwa mjini Sevilla kwamba watu wetu wote waondoke, na kwamba anayekwenda nchi za Waislamu aache nyuma kila mtoto asiyetimiza miaka saba, alelewe na Wakristo, ila anayekwenda Ufaransa aondoke na watoto wake wote. Wengi walisema wanakwenda Ufaransa, kisha wakageuza njia. Lope, mtengeneza sabuni, rafiki wa marehemu, alimsihi gatini, "Sema Ufaransa, ndugu yangu, mdomo haulipiwi ushuru," na marehemu akamjibu, "Ya nini niseme uongo? Mtoto ametimiza saba. Au leo utanifundisha wewe kuhesabu?"

Ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Februari 1610. Asha alikuwa na miaka kumi, alikuwa ameshika mkono wa Nasri, na anakumbuka. Karani wa meza ya gatini aliuliza umri wa mtoto, na marehemu akasema, bila kusita, "Saba, bwana. Ametimiza Alhamisi iliyopita." Karani akafungua cheti cha ubatizo, akahesabu kwa vidole, akasema, "Bado siku sabini. Hiyo Alhamisi yako umeitoa wapi? Wewe unafuata kalenda ya nani?"

Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja, na kwa miaka saba tofauti inakuwa zaidi ya miezi miwili. Nimeirudia hesabu hii mara nne. Kwa mwezi, Nasri alikuwa ametimiza saba tarehe 4 Februari, Alhamisi, kama marehemu alivyosema, na kwa kitabu cha kanisa alikuwa bado. Marehemu hakukosea kuhesabu, alijibu kwa hesabu ya nyumbani mbele ya meza ya watu ambao hesabu hiyo iliwatosha kumpeleka mtu kwenye Baraza la Imani, mahakama ya kanisa, na kutoka huko motoni.

Kabla hajafungua kinywa tena, mama alimsukuma kando, akapiga kelele, "Ni mimi, bwana, ni mimi niliyemwambia hivyo! Nazaa, nasahau, nachanganya siku!" Karani akacheka, akawaambia wenzake, "Haya, njooni mwone mwanamke asiyejua alizaa lini," akaandika kosa la mama, akagonga muhuri, na mtoto akachukuliwa. Nasri alisikia maneno hayo, na ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwa mama.

Walipanda meli siku ileile, wakapitia Aljeri, wakafika Tunis tarehe 6 Mei 1610, wakapewa ardhi hapa. Habari ilifika nao. Wengi wenu mliopo mlikuwapo, kwenye tanuri la mkate, mkimwambia mama, "Zohra wa Kusahau, angalia usije ukausahau mkate kama ulivyomsahau mwanao," naye alicheka pamoja nanyi, na marehemu alikuwa akisikia, na kwa miaka ishirini na saba hakusema neno.

Aliandika barua tatu kwenda Sevilla, mwaka 1615, 1622 na 1629, kwa mkono wa watawa wanaokuja kukomboa mateka, na jibu lilikuja moja, Agosti 1630. Nasri yu hai, anatengeneza mishumaa, ana mke. Mwishoni aliandika, "Mwambieni mama nimemsamehe kwa kuisahau siku yangu." Marehemu alimsomea mama sentensi hiyo, akaikunja barua, akatoka kwenda kuwanywesha nyumbu.

Marehemu alianza kuvimba miguu tarehe 9 Septemba mwaka huu 1637, kisha maji yakapanda kifuani, na alifariki Jumatano, 24 Mfungo Nane 1047, yaani 14 Oktoba, kabla ya jua kuchomoza, akiwa na miaka sabini na moja kwa jua na sabini na tatu kwa mwezi. Kwa Nasri haya hatuwezi kuyapeleka, kwa kuwa barua inayoeleza kosa lilivyotokea ingekuwa ushahidi dhidi yake mikononi mwa watakaoifungua. Kwa hiyo yanasomwa hapa tu, na mnaoweza kuyajua ni ninyi.

Familia inamshukuru tabibu Yahya Corral, aliyekuja mara kumi na moja, wenye nyumbu wenzake waliolibeba jeneza, na majirani walioleta maji, kuni na chakula bila kuombwa. Tunaomba na jambo moja zaidi. Mama amekaa pale, karibu na mlango wa jiko. Anaitwa Zohra, na siku aliyomzaa Nasri anaijua kwa kalenda zote mbili. Mkienda kumpa mkono, mwiteni kwa jina lake.

Baba, lala kwa amani.