Daftari la Wanaovuka Maji

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mimi ni Kabula, binti wa Mzee Masanja wa hapa Igogo, nasoma kidato cha nne. Naomba msiniangalie sana. Kusema mbele za watu siwezi, kwa hiyo nimeandika kama ninavyoandika shajara yangu, na nitasoma nimeinama. Nikinyamaza katikati, mtu asianzishe pambio. Natafuta mstari tu.

Wengi mnaniita binti wa maombi. Nimekuja kuwaambia kuwa yale hayakuwa maombi. Au yalikuwa maombi, ila yameugua. Hata sasa sijui vizuri.

Mnakumbuka meli ilipozama, Mwanza nzima ikawa kilio. Jirani yetu Mama Koku alikuwemo. Alipokuwa anakwenda kwao Bukoba aliniambia, "Kabula, uniombee nirudi salama, nitakuletea senene wa kukaanga." Nikaitikia. Nikasahau. Hakurudi.

Wakati ule baba alikuwa ameshapunguzwa kazi kiwandani, anakwenda visiwani na boti ya kukusanya sangara. Basi likaniingia kichwani neno moja: usipomwombea baba sawasawa, atazama. Sawasawa maana yake nitaje jina lake lote mara saba, bila kukosea, bila kuwaza kitu kingine. Nikifika mara ya sita namwona baba yuko chini ya maji. Naanza upya. Ugali unaungua, naanza upya. Mama anaita, siitiki, naanza upya. Siku ya mtihani wa majaribio wa hisabati baba alikuwa majini. Nilirudisha karatasi ina jina langu tu.

Na nyie ndugu zangu mlinipenda! Mliniona nimekaa benchi la nyuma midomo inacheza, mkasema mtoto huyu ana mzigo wa maombi. Mkaanza kuniletea safari zenu. "Binti, kesho navuka Busisi." "Kabula, mume wangu yuko Ukerewe, usimsahau." Usimsahau! Ningekataaje, mimi niliyemsahau Mama Koku? Nikafungua daftari, juu kabisa nikaandika Mama Koku, kisha kila anayevuka maji. Kufika likizo yalikuwa majina arobaini na moja, kila moja mara saba.

Mchungaji, wewe uliniombea nifunguliwe. Wenzangu walianguka, mimi nikabaki nimesimama. Nikaogopa zaidi: kumbe hata pepo sina! Halafu ukasema unakwenda Geita kwa kivuko. Nikakuandika na wewe.

Dada yangu Anjela akaja likizo kutoka chuo cha ualimu na madaftari yake ya saikolojia. Nikayasoma kwa kificho. Nilidhani saikolojia ni kitu kimoja tu, kujua mawazo ya watu, kumbe ina matawi. Kuna la makuzi ya mtoto, la kujifunza, la watu wanapokuwa kundi, la kazini, na kuna tawi la tabia zisizo za kawaida. Nikajiuliza mimi ni wa tawi gani. Hilo la mwisho lilikuwa na maswali. Tabia hiyo inatofautiana na desturi za watu wako? Inakuumiza? Inakuzuia kazi zako? Swali la kwanza lilinichanganya kabisa. Watu wangu ni nyie, na nyie mnanisifu! La pili, ndiyo. La tatu, ile karatasi ya hisabati.

Nikaendelea kusoma nikijitafuta, na kila ugonjwa nikauona ni wangu. Nilipomuuliza Anjela alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe Kabula! Jumatatu una ugonjwa wa ukurasa wa kumi, leo umeshafika wa ishirini! Ukimaliza daftari nikuletee lingine?" Nikacheka na mimi. Sikumwambia kuhusu majina.

Asubuhi moja baba anaondoka, mimi sijamaliza. Nikamfuata hadi mwaloni, boti zinakopakia, nikashika dumu lake la petroli. Wenzake wakapiga kelele, "Masanja, leo mpaka trafiki akupe ruhusa!" Baba akaona aibu, akavuta dumu. Sikuachia. Ndipo akaona midomo yangu imepasuka kwa kunong'ona.

"Kabula, unaongea na nani?"

"Na Mungu, baba."

"Sasa mbona unamwanzia upya kama hasikii?"

Ndugu zangu, niliachia dumu! Siku hiyo boti iliondoka bila yeye. Nilimweleza yote pale pale kwenye mawe, hata Mama Koku. Tulipofika nyumbani Anjela akafungua ukurasa mmoja, akausoma kimya, na safari hii hakucheka.

Wakanipeleka hospitali, kitengo cha magonjwa ya akili. Mama alipita getini amejifunika kanga usoni, asionekane na mtu wa kanisani. Mama, nisamehe nimelisema. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ndogo, hakuniuliza kama naamini. Aliniuliza, "Kwa siku unatumia saa ngapi?" Nikalia. Akasema wazo linalokuja kwa nguvu si kosa langu, na kila nikirudia nalilisha. Niombe mara moja, niache, nikae na ile hofu. Itapanda kwanza, ndipo itashuka.

Ilipanda! Siku ya kwanza niliomba mara moja, nikakaa kwenye mwamba natazama magugu maji, nikatapika. Hofu ilishuka jua likiwa karibu kuzama. Baba alikuwa bado hajarudi. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie: nilipata amani kabla hajarudi.

Nani ameniponya? Daktari anasema mazoezi. Anjela anasema ni lile tawi. Mama anasema ni Yesu tu, na wengine wote ni watumishi wake. Mimi namshukuru Mungu, nawashukuru na wao, na kichwa bado kinanizunguka. Wiki iliyopita nilirudia mara nne. Zamani ingekuwa mara mia.

Sasa nawaalika, ndugu zangu. Daftari hili hapa mezani. Ibada ikiisha, kila mtu aje achane jina lake aende nalo nyumbani, akaongee na Mungu mwenyewe. Anawasikia, hata mkiongea mara moja. La Mama Koku nitabaki nalo mimi. Si la kuombea. La kumkumbuka.

Kesho baba anaingia majini. Nitamwombea hapa, kama nilivyoandika jana: Bwana, mlinde baba yangu Masanja anayekwenda Ukara, umrudishe.

Baba haendi Ukara, anakwenda Kome. Niliona kosa hilo jana nikiwa na kalamu mkononi. Sikulifuta, wala sikuanza upya. Amina.