Programu Iliyosubiri

Fundi saa hakukusudia kusikiliza, lakini kama macho hayana pazia, masikio nayo hayana mlango. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya treni, binti mwenye kompyuta mapajani alikuwa akimlalamikia mama wa makamo aliyeketi naye.

"Nimehangaika tangu asubuhi, mama, nikidhani programu yangu imekufa. Kumbe jana nikisaka kosa niliiwekea alama ya kusimama, nikasahau kuiondoa. Haijafa. Inasubiri tu iambiwe iendelee."

"Si uiambie?"

"Mkubwa wangu anataka niizime, ianze upya. Ndiyo haraka."

"Na ikizimwa, yale iliyokuwa inayakumbuka?"

"Yanapotea yote."

Mama akazungusha pete kidoleni. "Basi usiizime, mwanangu. Mimi mume wangu aliniambia, 'Nisubiri, narudi.' Dada zangu kila siku, anza upya, anza upya. Wanadhani nimekufa ganzi. Nasubiri tu."

"Lakini mama, asiporudi je?"

Treni ikasimama. Mama akainuka, akachungulia kwanza dirishani, kama mtu anayetarajia kupokewa. Fundi saa, asiyemjua huyo mume kwa sura wala kwa jina, akajikuta naye anachungulia.