Mstari wa Nibu Nene

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Mawaziri wa nchi zote mbili, makamanda mliokuja leo bila bunduki, ndugu wageni waalikwa, na wewe dada yangu uliyesimama ng'ambo ya utepe ule ukinikazia macho: nawasalimuni kwa furaha inayotaka kunipasua kifua!

Nimepewa dakika tatu. Bwana itifaki, usiangalie saa. Geti hili la mpakani nimelisubiri miaka tisa.

Mimi ni mchora ramani mstaafu. Ile ramani ambayo wakubwa waliipigia meza ngumi kabla ya kutangaziana vita ilichorwa na mkono huu. Mnajua waligombania nini? Redioni walisema mto, wakasema heshima ya taifa. Waligombania wino wangu!

Ijumaa moja, miaka thelathini iliyopita, nibu yangu nyembamba, ile ncha ya kalamu ya wino, ilivunjika kabla sijaanza mstari wa mpaka. Utaratibu wa ofisi ulikuwa kusubiri nibu nyingine, na stoo ingefunguliwa Jumatatu. Kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa ng'ambo ile. Nikachukua nibu nene, ya kuandikia vichwa vya ramani, nikamaliza, nikakimbilia basi. Mstari ukatoka na unene wa milimita mbili. Kwenye karatasi hiyo ni nini? Kwenye ardhi ilikuwa mita mia, zenye shule, kisima na nyumba ya mama mmoja fundi cherehani. Nchi hii ikahesabu mpaka kwenye ukingo wa mbali wa wino, na nchi ile vivyo hivyo, na kila mmoja akamwona mwenzake mwizi.

Vita vikachukua miezi kumi na minne. Shemeji yangu, yuleyule niliyekimbilia harusi yake, alirudi na mguu mmoja. Waliopiga risasi wana lao la kujibu. Hili la nibu ni langu. Dada, sikuwahi kukwambia. Niliogopa.

Vita vilipokwisha nikatumwa kuweka nguzo pamoja na mpimaji wa kule, tunayemwita Miwani. Tulibishana siku tatu, kila mtu kang'ang'ania ncha yake ya tepu. Siku ya nne yule mama fundi akatutokea mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Nyie watu wazima, mmesoma wapi? Mimi chaki ikitoka nene kwenye kitambaa, nakata katikati ya chaki. Basi!"

Miwani akanitazama, nikamtazama. Kabla ya saa sita nguzo ya kwanza ilikuwa imesimama! Mpigieni makofi, mama yule pale! Na mkasi atakaoushika Mgeni Rasmi ni wake, ameunoa mwenyewe asubuhi. Mheshimiwa, nakuomba usogee, ukate katikati kabisa ya...

Jamani! Dada, subiri! Bwana itifaki, mwache, ameshapita chini ya utepe, na shemeji na magongo yake yuko nyuma yake! Mnamsikia dada yangu anavyopiga kelele? "Mpaka umeuharibu, na harusini ulichelewa vilevile!"

Nilichelewa, dada. Ni kweli, nilichelewa.

Ndugu zangu, mmenivumilia, nawashukuru sana. Niruhusuni nishuke jukwaani nikapokee kofi au kumbatio, lolote alilonibebea.