Shali ya Mageni Iliyokwenda Geita

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bibi Limi binti Jilala, msokota uzi wa kijiji kimoja karibu na Masumbwe. Alizikwa Jumamosi iliyopita. Kazi yake ilikuwa uzi. Na jeraha lake lilitokana na uzi huohuo.

Turudi mwaka 1936. Limi alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake, Mageni, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Katika ukoo wao, mzazi alizikwa amefunikwa shali ya pamba iliyofumwa nyumbani. Binti anasokota uzi, mwana wa kiume anafuma. Shali hiyo ilikuwa kauli ya watoto kwamba wao ni wamoja. Ndiyo maana haikununuliwa wala kuuzwa.

Limi alisokota misimu mitatu. Alitoa mbegu za pamba kwa vidole, akaviringisha kijiti cha kusokotea pajani mpaka ngozi ikawa sugu. Uzi wa mapindo aliuloweka kwenye tope la mbugani ukawa mweusi tii. Kisha akampelekea kaka yake, Maduhu, fundi wa kufuma.

"Uzi mwembamba hivi umesokota wewe au buibui?" Maduhu alimtania.

"Fuma, kaka. Mayu anangoja," Limi alijibu, akimaanisha mama yao.

Kila Limi alipouliza, Maduhu alijibu, "Umebaki upindo tu." Na mama alipouliza, Limi alirudia, "Umebaki upindo tu, mayu." Mageni alifumba macho, akaridhika.

Siku moja Maduhu aliaga. Anakwenda Bugarama kuwasalimia wakwe, siku mbili tu. Wiki mbili zikapita. Ndipo jirani yao, Makoye, aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita.

"Limi, siku hizi mnauza shali?"

"Shali gani?"

"Kuna nyapara anajitanda moja yenye mapindo meusi. Kaka yako ndiye kampa. Naye kaajiriwa mgodini siku hiyohiyo."

Limi alicheka, maana Makoye alipenda mzaha. Hata hivyo alikwenda kwa kaka yake kuangalia. Kitanda cha kufumia kilikuwa kitupu.

Siku ya nane baada ya hapo Mageni alifariki. Walimfunika merikani, kitambaa cha pamba cha dukani. Wanawake msibani walinong'ona, "Huyu alizaa watoto au alizaa majirani?" Limi alisikia.

Miaka mingi baadaye alimwambia binti yake, Scolastika: "Angeniibia uzi tu, ningelia nikanyamaza. Lakini alinipa uongo, nikamlisha mama kwa mkono wangu."

Maduhu alirudi mwaka uliofuata na baiskeli. "Mama angekufa tu, Limi. Shali isingemponya. Na mimi nina watoto."

Limi alimpa kigoda na maji ya kunywa. Kisha akaendelea kusokota.

Tangu hapo uzi wake hakumkabidhi mtu. Alijifunza kufuma, kazi ya wanaume. Walimcheka: "Limi, ndevu zinaota lini?" Akaendelea kufuma. Wazazi wengi pale kijijini walizikwa katika shali zake, nyuzi zikiwa zimesokotwa na binti zao wenyewe.

Jumamosi, wasikilizaji wapendwa, shali aliyoisokota na kuifuma mwenyewe iliwekwa kando ya mwili wake. Maduhu alikuwapo, mzee wa miaka themanini, na mkongojo wake. Alinyoosha mikono amfunike dada yake, kama inavyompasa kaka. Scolastika akamzuia taratibu.

"Shikamoo, mjomba. Mama hakukataza uje. Alikataza usiiguse shali."

Maduhu alishusha mikono. Alisimama vilevile mpaka kaburi likajaa.

Tunampa pole Scolastika na wajukuu wote. Pole na kwako, mzee Maduhu, kama unatusikia. Nasi wasikilizaji tujiulize kama yupo mtu aliyetukabidhi jambo lake, nasi tunamwambia limebaki kidogo tu. Kama bado yu hai, twende leo tukamwambie ukweli.