Kesi ya Mama Mkwe wa Mwambani

Benchi ni langu, hilo lieleweke mapema. Nililiweka mlangoni pa kibanda changu ili wateja wakae wakisubiri, maana mimi hushona nguo za mpira, zile wanazovaa wapiga mbizi, na gundi ya mpira haikauki kwa kukemewa. Wateja walilikalia wiki moja tu. Baada ya hapo akaja Birika, muuza kahawa, na Birika alipotua wakatua na wengine, na sasa mteja akija husimama juani huku benchi limejaa watu wasiomiliki hata soksi ya kuzamia. Yupo Hakimu, ambaye hakuwahi kuwa hakimu. Alikuwa akifungua na kufunga milango ya mahakama, lakini anasema sheria ilimwingia kwa masikio. Yupo Usukani, dereva wa boti inayowapeleka wageni mwambani kuzamia. Na yupo Mtungo, anayevua kwa bunduki ya mshale, akaitwa hivyo kwa sababu hurudi pwani na samaki wametungwa kwenye kamba, kamba imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni, na yeye katikati kifua mbele.

Asubuhi hiyo Usukani alifika na uso wa mtu aliyefiwa.

— Birika, nipe kahawa, ingawa sina raha ya kuinywa. Bosi kaamua. Saa nane mchana nimpakie Mtungo na bunduki yake twende mwambani, na tukirudi, turudi na Mama Mkwe akiwa maiti.

Mama Mkwe ni papa. Jike, mrefu kuliko meza yangu ya kukatia, na ana kipande kilichomeguka kwenye pezi la mgongoni. Anazunguka pale mwambani miaka nenda miaka rudi, na wageni hutoka mbali ili wamwone kwa macho yao. Jina alipewa na wapiga mbizi wenyewe, kwa kuwa akitokea kila mtu hujitia adabu na mikono hukaa pamoja.

— Kafanya nini tena? — nikauliza kutoka ndani, uzi mdomoni.

— Jana kamvamia mgeni. Mama mmoja. Nguo imechanika gotini.

— Najua. Nguo nimeletewa hapa, naibandika. Mpasuko wenyewe haufiki kiganja.

— Nguo si mguu, — akasema Hakimu. — Nguo ni shahidi wa kununuliwa. Mguu, nasikia, umekwenda.

— Umekwenda wapi?

— Umekwenda na papa.

— Mie nimesikia ni miguu yote miwili, — akasema Birika, akimimina.

— Acheni hizo! — Usukani akaja juu. — Mimi mwenyewe nilimshika mkono akipanda ngazi ya boti.

— Ulimshika mkono, — Hakimu akasema taratibu, kama anayemhoji mwizi. — Miguu uliitazama?

Usukani akaitazama miguu yake mwenyewe. Ndivyo walivyo. Ukikaa nao kwa muda utaanza kutilia shaka hata jina la baba yako.

Mtungo alikuwa amesimama, kaegemea nguzo ya kibanda changu. Hilo lilinishangaza kidogo, maana Mtungo na benchi ni chanda na pete.

— Kaa basi, — Birika akamwambia. — Nafasi ipo.

— Mgongo unanisumbua. Niacheni nilivyo. Tuzungumze kazi. Yule papa namjua kuliko anavyojijua. Nikifyatua tu, tak! huyo, ananijia hata awe wapi. Mnajua kwa nini? Nimemfunza. Kila nikichoma samaki, namkata kichwa, namrushia. Sasa akisikia tak, anajua mezani pameandaliwa.

— Kama kuku na debe la mtama, — nikasema.

— Hayo ndiyo maneno! Na kuku humkimbizi uwanja mzima, dada yangu. Unampigia debe. Leo saa nane, tak moja, kazi imekwisha.

— Lakini si tulikubaliana mwambani pasivuliwe? — Usukani akauliza. — Pale pa wageni. Tulikubaliana hapahapa, kwenye benchi hili.

— Wageni wakiwa chini mimi sifyatui. Mimi mtu mzima, nina adabu zangu.

Nikashindwa kunyamaza. Samaki wa pale wamezoea watu mpaka wanakuja kujitazama kwenye kioo cha mzamiaji. Bado huyu bwana huwachoma na kurudi akijiita mwindaji.

— Mtungo, samaki wa mwambani wanakimbia?

— Hawakimbii. Wananiheshimu.

— Basi na mimi nimewinda sana. Jana nimewinda nyanya sokoni.

Walicheka, ila Mtungo akacheka akijishika kiuno, na kicheko hakikufika mbali.

— Tusitoke kwenye hoja, — Hakimu akagonga kikombe. — Swali ni nia. Kwa nini papa aliyekaa na watu kwa amani abadilike? Mimi nasema ametumwa. Wale wenye boti za ng'ambo ya pili hawana papa wao. Wamemshawishi wa kwetu.

— Wamemshawishi kwa lugha gani? — Usukani akauliza.

— Kwa damu. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, ndiyo maana papa huisikia kutoka mbali.

— Wahenga hawakuwa na maana hiyo.

— Ulikuwepo?

Birika akasonga mbele na birika lake. Alisema Mama Mkwe ana mimba. Shemeji yake alipokuwa na mimba alikuwa akitamani kula udongo wa ukutani, sembuse papa, ambaye hana ukuta. Hakimu akaichukua mimba ile akaiendeleza: kama ni mimba, basi ni ya papa wa ng'ambo, na huo ndio ushawishi wenyewe, kesi imekamilika. Halafu akaongeza kwamba kwa mawazo yake papa yule amejifunza kuhesabu, anajua boti ikileta wageni wengi anapata picha nyingi, na kwa kuwa hajawahi kupewa hata moja, ameanza kudai.

— Kudai nini? — nikauliza.

— Haki yake. Alianza na mguu mmoja.

— Miwili, — Birika akasahihisha. — Na yule mama kasafirishwa kwa ndege usiku. Sijui hata kama kafika.

Usukani akaweka kikombe chini. Alipoongea sauti ilikuwa imeshuka.

— Nyie mnacheka. Nikikataa, bosi anachukua ufunguo wa boti leo hii. Nikikubali, nimemuua aliyekuwa akiniwekea mafuta kwenye hiyo boti. Kesho mgeni akiniuliza mwambani kuna nini, nimwambie kuna mawe? Na yule mnyama hajawahi kunigusa. Nikizima mashine hupita chini ya boti, ananisalimia. Nimewaletea jambo hili mnishauri, nyie mmemtia mimba.

Hakimu akakohoa.

— Mdogo wangu, huruma ni kitu kizuri, lakini samaki mkunje angali mbichi. Huyu amekwisha komaa, hakunjiki. Na tena haraka haraka haina baraka, kwa hiyo auawe leo leo. Mshtakiwa ameitwa?

— Ameitwa na nani? Yuko baharini!

— Hakufika. Asiyefika amekiri. Mtungo, nenda ukatekeleze.

— Bunduki iko tayari, — Mtungo akasema. Kisha akanigeukia. — Dada, na ule mkanda wangu niliokuletea, umeushona? Nauhitaji saa nane.

— Bado. Ulisema umefanyaje?

— Umenasa kwenye jiwe.

Mkanda ulikuwa mezani, chini ya nguo ya yule mgeni. Nilikuwa nimeutupia jicho tu alipouleta. Kabla sijauvuta niutazame vizuri, kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, kofia ya jua kichwani, ndala miguuni, amebeba chupa ya maji.

— Habari za hapa? Nimeelekezwa kwa fundi wa nguo za mbizi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Hakimu akasema, bila kusogea hata inchi moja.

Usukani ndiye aliyeruka. Kahawa ikammwagikia suruali.

— Mama! Unaendeleaje?

— Naendelea salama, baba. Nimefuata nguo yangu. Unakumbuka leo tunarudi kule, eti? Sijamwona yule papa vizuri jana, alipita mbio mno.

Hakimu akaitazama miguu ya yule mama. Akaanza wa kulia, akaenda wa kushoto, akarudi wa kulia. Birika naye alikuwa anahesabu, nilimwona midomo ikicheza.

— Samahani, mama, — Hakimu akasema kwa unyenyekevu ambao sijapata kuusikia kwake. — Hukung'atwa?

— Kung'atwa? Hapana jamani! Alinipita hapa ubavuni kama mtu anayewahi basi. Mimi kwa hofu nikarudi nyuma, goti likakwaruza jiwe, nguo ikachanika. Hata kunitazama hakunitazama. Alikuwa anakwenda kwake.

— Ndiyo tabia ya wanyama, — Mtungo akaingilia haraka. — Leo anakupita, kesho anakumaliza. Bora aondolewe tu.

— Labda. Wewe ni mwenyeji, unajua zaidi. — Akavua kofia, akajipepea. — Ila kuna kitu kimoja tangu jana najiuliza, na nyinyi hapa naona mnaijua bahari. Kabla papa hajanipita, nilisikia mlio nyuma ya jiwe. Mmoja tu, mkavu: tak. Ndipo naye akatoka mbio kuufuata. Sasa sisi wazamiaji wote tulikuwa upande huu. Kule nyuma ya jiwe kulikuwa na nani?

Aliuliza hivihivi, kwa upole, kama anayeulizia njia ya kwenda dukani.

Hakimu, mwenye methali ya kila jambo, alitazama ndani ya kikombe chake. Birika akainamisha birika, likatoa tone moja na machicha. Nami, ili nifanye kazi iliyomleta yule mama, nikainua nguo yake mezani nimkabidhi. Chini yake mkanda ukabaki peke yake, wazi, watu wote wanauona. Ulikuwa umekatika upande wa nyuma, pale inapofungwa kamba ya samaki, na kando ya mkato kulikuwa na matundu yamejipanga kwa upinde, kila tundu na mwenzake. Jiwe halina meno ya namna ile.

Usukani aliutazama mkanda. Akamtazama Mtungo, aliyesimama tangu asubuhi. Akamtazama kuanzia kiunoni kushuka.

— Mgongo, — Usukani akasema.

— Mkuki kwa nguruwe... — nikaanza.

— Huo hauhusiki hapa, — Hakimu akanikatiza, na ndiyo siku pekee nilipomsikia akikataa methali.

Usukani akatoa simu.

— Bosi. Saa nane naenda mwambani, ila nampeleka mgeni. Mwenye bunduki simpakii. Ufunguo ukiutaka, ninao mfukoni, utanikuta gatini nikirudi... Mgeni yupi? Huyohuyo wa jana... Bosi, yuko mbele yangu. Haya, ongea naye.

Yule mama akapokea simu, akasikiliza, uso ukimjaa mshangao.

— Ndiyo, ni mimi, — akasema. — Ndiyo... Yote miwili. — Akasikiliza tena. — Nani kasema nimesafirishwa?

Birika akawa anakusanya vikombe vyake kwa bidii. Simu iliporudi kwa Usukani aliisikiliza kidogo, akasema "sawa, tutaongea," akaitia mfukoni palepale penye ufunguo. Hatujui wataongea nini. Lakini alimbebea yule mama nguo yake, na walipokuwa wanakwenda nilimsikia akimwambia kwamba huyo papa hupita chini ya boti ukizima mashine, asiwe na wasiwasi, ni salamu tu.

Hakimu akasema kesi imeahirishwa kwa sababu ya kahawa kuisha, akaondoka. Birika akamfuata. Benchi likabaki tupu kutoka ncha hadi ncha, kwa mara ya kwanza tangu niliweke pale.

Nikachukua mkanda, nikauweka mbele ya Mtungo.

— Huu siushoni, — nikamwambia. — Lakini kaa basi, ndugu yangu. Nafasi ipo.

Mtungo hakukaa.